Mgeni njoo, lakini uliza maji kwanza

Maswali ya wiki hii karibu yote yametoka kwa watu waliohamia Nairobi juzi juzi, na wengine wao walishatuma pesa kabla ya kuniuliza. Anayeandika "nyumba nzuri Nairobi ziko wapi?" bila kutaja anafanya kazi upande gani wala ana shilingi ngapi, simjibu tena. Twende.

Shikamoo shangazi. Natoka Dodoma, nimepata kazi Nairobi kuanzia mwezi ujao. Ejenti amenitumia picha za bedisita (chumba kimoja chenye choo na jiko ndani) Roysambu, anataka deposti leo kwa M-Pesa kwa kuwa kuna mtu mwingine anaitaka. Nitume?

Marahaba. Usitume. Huyo mtu mwingine anaitaka nyumba hiyo tangu mimi nifike jiji hili, na nina miaka 19 hapa.

Kwetu Dar dalali anadai kodi ya miezi sita kwa mpigo. Hapa South B naambiwa kodi ya mwezi mmoja na deposti ya mwezi mmoja, basi. Mbona rahisi? Mtego uko wapi?

Mtego uko mlango wa kutokea. Siku ya kuhama utaambiwa ukuta umechafuka, lazima upakwe rangi, na fundi wa rangi ni shemeji yake keyateka, yaani msimamizi wa ghorofa. Deposti yote itaishia kwenye ndoo. Kwa hiyo siku unayokabidhiwa ufunguo, kabla hujaingiza hata godoro, piga picha kila ukuta, kila kitasa, sinki na kioo chenye ufa, umtumie keyateka siku hiyohiyo ili tarehe ibaki kwenye simu zenu wote wawili. Lipa kwa akaunti iliyoandikwa kwenye mkataba, si kwa namba ya mtu binafsi. Notisi ni ya muda gani? Soma. Na usijipe moyo kwamba kuna sheria itakayokukingia kifua, kwa sababu ile ya Kenya ya kudhibiti kodi inazihusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. South B kwa 2,500 hupati hata pa kulaza pikipiki.

Umeme ni rahisi: chukua namba ya mita, nunua tokeni za shilingi mia kupitia paybill (namba ya malipo ya M-Pesa) 888880 keyateka akiwa amesimama hapo, uone kama zinaingia.

Sasa maji, ambayo hukuniuliza. Hakuna anayeniuliza. Maji ya jiji huja kwa zamu, mtaa huu siku hizi, ule siku zile, na siku zilizobaki ghorofa huishi kwa tangi au kisima. Kwa hiyo nyumba haikaguliwi saa nne asubuhi wakati watu wako kazini na tangi limejaa. Nenda saa mbili usiku, fungua bomba la ghorofa ile ile utakayokaa wewe. Yakitoka, yaonje. Maji ya kisima yakiwa na chumvi, sabuni haitoi povu na chai haina ladha. Tena visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, na meno ya watoto wanaoyanywa kwa miaka huota madoa ya kahawia. Ukishaonja, shuka ukamuulize mama mboga wa pale nje maji huja siku gani. Usimuulize keyateka. Mama mboga hana nyumba ya kukupangisha.

Naweza kuja na mtungi wangu wa gesi wa kilo 15 kutoka Arusha?

Uuze hukohuko. Hapa ni kilo 6 na kilo 13.

Asalaam aleikum. Sisi ni familia ya Zanzibar, tunakaa Pangani ghorofa ya tano. Idd el-Hajj tulitaka kuchinjia mbuzi juu ya paa, keyateka amekataa katakata. Ana haki?

Waaleikum salaam. Anayo, na mpeni pole kwa kuulizwa. Hivi matangi ya maji yako wapi? Si hukohuko juu?

Nendeni Kiamaiko. Mbuzi wanauzwa pale, wanachinjwa kwa utaratibu wa dini, wanachunwa, mnarudi na nyama kwenye karai. Msingoje asubuhi ya Idd, bei siku hiyo haina adabu. Mkimchagua mbuzi mshikeni mgongo, msidanganywe na tumbo, tumbo linaweza kuwa maji matupu. Mkirudi, fungu la kwanza ni la keyateka.

Jingine, kwa kuwa najua mtaniuliza wiki ya mwisho: Idd el-Fitr hapa ni sikukuu ya watu wote. Idd el-Hajj, ambayo Wakenya huiandika Idd-ul-Azha, sheria inawapa Waislamu, na mara nyingi serikali huitangaza kwa wote, ila tangazo linaweza kuja dakika za mwisho. Maulidi si sikukuu ya taifa kama kwetu Tanzania. Ombeni ruhusa kazini mapema.

Mama, jambo. Sisi ni Wakongo wa Kasarani. Mwaka jana tarehe 30 Juni tulisherehekea uhuru wetu nyumbani, majirani wakatuitia polisi. Hatuna haki ya kufurahi?

Mnayo, na katika muziki jiji hili lina deni lenu. Bendi za Kikongo, Super Mazembe na Les Mangelepa, zililichezesha tangu miaka ya 1970. Lakini 30 Juni kwa Mkenya ni siku kama nyingine, na jirani yenu ana mtoto wa kuamsha saa kumi na moja alfajiri. Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009, polisi hawakuwaonea. Kodini ukumbi, au ombeni uwanja wa kanisa. Halafu niambieni ukweli: watu sitini, choo kimoja, ghorofa ya nne. Mlijaza mapipa mangapi ya maji?

Mimi ni Mrundi, nimepanga Umoja. Naona Krismasi kila mtu anaenda ushago, kijijini kwao, ghorofa litabaki tupu. Naogopa kukaa peke yangu. Nifanyeje?

Kama utakwenda nyumbani, kata tiketi Novemba. Ukingoja tarehe 20 Disemba utalipa nauli ya kusikitisha na bado utasimama stendi usiku kucha.

Kama unabaki, pita milango sasa hivi uulize nani mwingine anabaki. Mimi sikuuliza. Krismasi yangu ya kwanza hapa, keyateka alifunga chumba cha pampu, akatia ufunguo mfukoni, akaenda zake Kakamega. Tangi liliisha mkesha wa Krismasi, kichwa changu kimejaa povu. Nikajifunga khanga nikashuka kumtafuta soja, yaani mlinzi wa getini, nikakutana na bibi mmoja Mkamba wa nyumba ya chini ambaye kwa miezi minane nilikuwa nampita tu kwenye ngazi. Alikuwa na mapipa matatu yamejaa. Alinitazama kichwa, akacheka mpaka akakaa chini. "Umetoka Tanga, baharini, uje kufa kiu mlangoni kwangu?" Kesho yake nikapika pilau kwa maji yake, tukala mimi, yeye na soja. Mpaka leo nikimpigia simu hunisalimia kwa kuuliza kama bomba linatoka.

Chukua ufunguo wa pampu kabla keyateka hajapanda basi. Soja mpe chochote tarehe 24, yeye ndiye anayejua mlango upi una mtu na upi hauna.

Shangazi, mimi Mtanzania, bosi wangu Mkenya. Tarehe 9 Disemba, sikukuu yetu ya Uhuru, nina haki ya kupumzika?

Hapana. Jamhuri ni tarehe 12, vumilia siku tatu.