Nywila zote kwenye kiendelezi kimoja: jibu la mwenye steshenari

Mkuu, umeuliza kama ni akili kuzikusanya nywila zako zote, za barua pepe, za kazini na za mitandao, ukazitia kwenye kiendelezi kimoja cha kivinjari (kiprogramu kinachoongezwa kwenye kivinjari), na siku kikidukuliwa itakuwaje. Mimi natumia tangu 2021, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonikuta. Jibu fupi ni tumia. Jibu refu lina aibu zangu ndani yake, ila nitazisema.

Nina steshenari Morogoro. Natoa kopi, naprinti, nawajazia watu fomu za mtandaoni, na pembeni nahudumia tovuti chache za wateja, hasa nyumba za wageni. Nywila zilikuwa zinakaa kwenye kaunta buku ya kwaya mbili chini ya droo ya chenji. Ukifika msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi, foleni inatoka mpaka barabarani na hakuna muda wa kufunua daftari, basi nikahamia kwenye nywila moja ya kila mahali: jina la mwanangu wa kwanza na mwaka aliozaliwa. Nilijiona mjanja. Duka lenyewe linaitwa kwa jina lake, limeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu.

Kilichoniamsha ni kivinjari cha dukani. Kila ukiingia kwenye akaunti kinauliza kama kihifadhi nywila, na msaidizi wangu alikuwa anabonyeza ndiyo ili swali liondoke. Siku moja nafungua mipangilio kutafuta kitu kingine, nikakuta akaunti za wateja zimejipanga pale: walimu, wanafunzi, mama mmoja wa mbogamboga ambaye nilimfungulia barua pepe. Yeyote aliyekaa kwenye kile kiti angeweza kuzichungulia. Nilifuta zote na kuzima lile swali. Sisemi kwamba hifadhi ya kivinjari ni mbovu kwa mtu mwenye kompyuta yake peke yake nyumbani, tena yenye nywila ya kuiwashia. Ila kompyuta inayokaliwa na watu kumi kwa siku, hapana.

Nikachagua Bitwarden, programu ya kutunza nywila yenye kiendelezi, kwa sababu ya bure inatosha, inakubali kompyuta na simu bila kikomo cha vifaa, na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua. Siuzi kitu hapa, zipo nyingine nzuri. KeePassXC kwa mfano inaweka kila kitu kwenye faili lako mwenyewe, lakini kulisafirisha hilo faili kati ya simu na kompyuta ni kazi yako.

Kuhamisha nywila nilikosea kijinga. Kivinjari kinakutolea faili la CSV, na lile faili halina kufuli lolote; ukilifungua kwenye Excel unaona tovuti, jina na nywila safu kwa safu kama orodha ya mahudhurio. Nikaliingiza Bitwarden, nikafurahi, nikalisahau kwenye folda ya vilivyopakuliwa, folda ileile ambako kazi za wateja zinashukia. Wiki ya pili msaidizi ananiuliza, "Kaka, hili la kurasa nne ni la nani, nitoe kopi ngapi?" Lilikuwa tayari linafunguka kwenye skrini na wateja wawili wamesimama nyuma yake. Ukihamisha, futa hilo faili dakika hiyohiyo, na takataka za kompyuta uzimwage.

Sasa kitu ambacho watu hawakisemi. Wengi wanadhani kazi ya kiendelezi ni kukumbuka. Kazi kubwa zaidi ni kukataa.

Ilikuwa usiku, nafunga hesabu za siku. Barua pepe ikaingia ikidai jina la tovuti ya mteja wangu mmoja linaisha muda ndani ya saa 24, bonyeza hapa ulipie. Na kweli mwezi ule tovuti yake ilikuwa ya kulipiwa. Nikabonyeza. Ukurasa ni uleule ninaoujua, nembo ileile, mpaka ile bluu iliyopauka. Nikapiga Ctrl+Shift+L ili kiendelezi kijaze. Kimya. Nikapiga tena. Kimya. Nikasonya, nikasema hili nalo limeanza. Nikakifungua, nikatafuta jina la kampuni, nikanakili nywila kwa mkono, mshale wa kipanya tayari uko ndani ya kisanduku. Ndipo nikaona ile ngao ya Bitwarden juu kulia haina namba. Siku zote nikiwa kwenye ukurasa wa kuingia ambao nywila yake ninayo, ngao inaonyesha kinamba, 1 au 2. Pale hapakuwa na kitu. Nikapandisha macho kwenye anwani. Ya kweli inaishia na .co.tz. Hii ilikuwa na jina la kampuni, kistari, herufi tz, halafu .com.

Mimi niliangalia nembo na rangi. Kiendelezi hakioni nembo wala rangi, kinalinganisha anwani iliyohifadhiwa na anwani iliyo mbele yake, basi. Saa tatu usiku, macho yamechoka, ubishi wake ule ndio ulionisaidia. Kumbe kosa nililokuwa nakaribia kulifanya ni kumzunguka mlinzi kwa kunakili na kubandika. Si kila kimya ni wizi, maana tovuti halali nazo hubadilisha anwani ya ukurasa wa kuingia. Lakini kikinyamaza siku hizi nafunga ukurasa, naandika anwani kwa mkono, naingilia huko.

Turudi kwenye hofu yako ya kudukuliwa. Ina msingi, imeshatokea. Mwaka 2022 wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya LastPass, kampuni nyingine ya kutunza nywila, na Desemba mwaka huo kampuni ikaeleza kwamba nakala za hifadhi za wateja zimechukuliwa. Nywila zilikuwa zimesimbwa, yaani zimegeuzwa zisisomeke bila ufunguo, ila anwani za tovuti hazikusimbwa, maana yake mwizi alijua una akaunti wapi na wapi. Kilichobaki katikati ni nywila kuu ya kila mteja, ile moja inayofungua hifadhi nzima. Aliyeweka ndefu isiyobahatishika alipata muda wa kubadilisha mambo yake kwa utulivu. Aliyeweka jina la mwanawe na mwaka, unajaza mwenyewe. Na baadaye ikajulikana kwamba wadukuzi walipitia kompyuta ya nyumbani ya mhandisi mmoja wa kampuni hiyo: walitumia tundu kwenye programu ya burudani, wakapandikiza kinasa vibonye (kiprogramu kinachorekodi kila unachoandika), wakamsubiri aandike nywila yake kuu.

Kwa hiyo kabla hujauliza kama kiendelezi ni salama, angalia kompyuta yenyewe. Microsoft Office ya wizi uliyopewa kwenye flashi na jamaa, Windows isiyosasishwa tangu uinunue, viendelezi kumi na tano vya kupakua video. Kiendelezi cha nywila lazima kiruhusiwe kusoma kurasa unazofungua, la sivyo hakitaona kisanduku cha kujaza. Cha kupakua video kinaomba ruhusa hiyohiyo, na aliyekitengeneza humjui ni nani. Mimi nimebaki na viwili tu.

Nywila kuu niliipata hivi: nilichukua kamusi, nikafumba macho, nikafunua kurasa mara tano na kuweka kidole. Maneno matano yasiyo na uhusiano wowote. Usitumie methali, aya wala mstari wa wimbo, hivyo wenzako wote wanavijua. Niliiandika kwenye karatasi, ikakaa kwenye pochi wiki mbili mpaka vidole vikazoea, halafu ikaenda kwenye bahasha pamoja na msimbo wa dharura wa uthibitisho wa hatua mbili (ule ulinzi wa kuombwa namba ya pili baada ya nywila). Bahasha iko kwa mama, kwenye sanduku la vitenge. Hii usiipuuze, kwa sababu Bitwarden hawawezi kukurudishia nywila kuu, hawaijui. Jamaa yangu mwalimu alisahau yake, ikabidi afute akaunti na kuanza upya, akaunti moja baada ya nyingine.

PIN ya pesa za simu siiweki humo, inakaa kichwani. Kujaza chenyewe ukurasa unapofunguka nimekuacha kumezimwa, nataka nibonyeze mwenyewe. Na kwenye kompyuta ya watu sikiweki kabisa, natumia simu kusoma nywila na kuiandika kwa mkono, japo inachosha.

Usijaribu kuhamisha kila kitu siku moja. Anza na barua pepe, kwa sababu akaunti zako nyingine nyingi zinarejeshwa kupitia huko, kisha badilisha nyingine kila unapoingia. Mimi ilinichukua miezi mitatu. Nikiwa naandika jibu hili nimekumbuka akaunti mbili za zamani ambazo bado zina jina la mtoto. Ngoja nifunge duka nizimalize.