Kabla hujanunua sensa ya oksijeni

Taa ya injini ikiwaka, mashine ya kusoma hitilafu hutoa namba, na mara nyingi pembeni ya namba hiyo kuna jina la sensa, yaani kifaa kinachoipimia kompyuta ya injini. Hapo ndipo pesa za wengi hupotelea. Sensa imetajwa, basi inang'olewa, mpya inafungwa, taa inafutwa, na wiki haiishi kabla haijawaka tena. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini gereji mjumbe huyu hang'olewi kwa kesi bali kwa mazoea.

Gari letu la familia, la petroli, limenipitisha pande zote mbili: sensa iliyosingiziwa, na sensa iliyokufa kweli. Ile ya kusingiziwa ndiyo yenye mengi.

Sensa ya oksijeni, ambayo kampuni ya Bosch iliiingiza kwenye magari mwaka 1976, hufungwa kwenye bomba la ekzosi. Hulinganisha oksijeni iliyobaki kwenye moshi na ile ya hewa ya nje, kisha hutoa umeme mdogo: karibu volti 0.9 petroli ikizidi, karibu 0.1 hewa ikizidi. Kompyuta ya injini husoma umeme huo na kuongeza au kupunguza petroli, ikilenga gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Gari la kawaida lina angalau mbili. Ya mbele, kabla ya masega yanayosafisha moshi, ndiyo inayoongoza mchanganyiko. Ya nyuma kazi yake kubwa ni kukagua kama masega yenyewe bado yanafanya kazi.

Kwetu ilitoka P0171, yaani hewa imezidi kwenye mchanganyiko. Fundi akasema sensa ya mbele imechoka. Nikamwomba tutazame kwanza ilichokuwa inasema. Tukafungua ukurasa wa data za moja kwa moja injini ikiwa imeshapata moto, na volti zilikuwa zinapanda na kushuka haraka kila tulipokanyaga pedali ya mafuta. Sensa mfu haichezi hivyo. Ilikuwa hai, tena ilikuwa inasema kweli: mpira mmoja wa hewa nyuma ya menifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, ulikuwa umepasuka, na hewa iliyopenyea pale ilikuwa haijapita kwenye kipimo cha hewa. Tulibadilisha mpira, basi.

Kuna njia nyingine za kuisingizia. Ekzosi ikitoboka kabla ya sensa, hewa ya nje hunyonywa ndani na sensa huiona kama oksijeni ya injini. Plagi isiyowaka huacha oksijeni ambayo haijaungua, na matokeo ni yale yale. Na P0420, inayowafanya watu wanunue sensa ya nyuma, kwa kawaida inalalamikia masega. Sikiliza pia ekzosi injini ikiwa ya baridi; tundu dogo hulia zaidi chuma kikiwa hakijatanuka.

Tahadhari moja: magari mengi ya karibuni yana sensa ya mbele ya aina nyingine, isiyoruka kati ya 0.1 na 0.9. Ukiipima kwa kanuni ya ile ya zamani utaihukumu bure. Kwa hiyo tazama asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli. Ikivuka 10 kwa muda mrefu, kuna jambo la kutafuta.

Miaka baadaye ilikuja P0135. Hiyo ni habari tofauti, inahusu hita iliyo ndani ya sensa. Sensa hii haifanyi kazi mpaka ipate nyuzi joto zaidi ya 300, na hita ndiyo huifikisha huko mapema badala ya kusubiri joto la moshi. Nilianza na fyuzi, ilikuwa nzima. Nikachomoa soketi ya nyaya na kuweka mita kwenye nyaya mbili za hita: hita nzima husoma omu chache, yetu haikusoma chochote. Waya wa ndani umekatika. Hapo hakuna ubishi, nunua.

Kuing'oa ni kazi ya subira. Mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia, injini ya vuguvugu lakini si ya kuunguza, na soketi ya milimita 22 yenye mwanya wa kupitisha waya. Spana ya kawaida huviringa kingo, na meno ya bomba yakiharibika, umejitafutia kazi ya kuchomelea. Sensa mpya nyingi huja zimeshapakwa grisi maalumu kwenye meno. Kama haipo, paka kidogo sana, na isifike kwenye ncha. Usipulizie dawa ya kusafishia kwenye soketi yake ya nyaya, na epuka zile zinazouzwa na nyaya za kuunganisha mwenyewe. Sensa nyingi huvuta hewa ya kulinganishia kupitia ndani ya nyaya, kwa hiyo ukichomea kwa risasi unaweza kuziba pumzi yake.

Matunzo? Sensa haisafishwi. Nimeona watu wakiiloweka kwenye petroli, na sioni faida yake. Kinachoilinda ni injini isiyokula oili, kulanti (maji ya kupoza injini) isiyovuja ndani, na gundi ya gasketi iliyoandikwa kwamba haidhuru sensa, kwa sababu mvuke wa silikoni huiziba.

Usitupe ile ya zamani kabla hujaitazama ncha. Kijivu au kahawia hafifu ni uzee wa kawaida. Masizi meusi yanasema petroli inazidi. Ukikuta utando mweupe, acha mpya kwenye boksi kwanza: kagua kiwango cha kulanti kwa siku kadhaa, na uulize gundi gani ilitumika injini ilipofunguliwa mara ya mwisho.