Bluberi, kranberi na "zambarau pori": tuziiteje?

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja wa Arusha, anatafsiri maandishi ya pakiti za matunda makavu. Kwenye orodha ya vilivyomo kuna bluberi, kranberi na lingonberi. Bosi wake anataka ziandikwe "zambarau pori nyeusi" na "zambarau pori nyekundu" ili mteja aelewe, mwenzake wa meza ya pili anasema hizo ni forosadi tu, mbona mnahangaika. Yeye anauliza lipi sahihi, na je haya matunda ni ndugu kweli au ni hilo neno beri tu linawafanya waonekane ndugu?

Dada, pole na bosi, ila zambarau hapana. Mzambarau ni Syzygium cumini, jenasi (ukoo mdogo wa spishi, yaani aina, zinazokaribiana ndani ya familia) moja kabisa na mkarafuu, na mpera nao uko kwenye familia hiyo hiyo. Ni limti likubwa la kukaa chini yake kivulini, na tunda lake ukilimung'unya unatema kokwa moja kubwa. Forosadi nayo ni ya familia ya mkuyu na mfenesi, huko nako ni mbali. Bluberi haina ukoo wa karibu na yeyote kati ya hao, kinachofanana ni rangi tu, na rangi kwenye mambo ya mimea inadanganya sana.

Ukitaka kujua bluberi ni ya nani, we uko Arusha, muulize yeyote aliyepanda Kilimanjaro. Ukishamaliza msitu, unavyoelekea mita 3000 hivi, unaingia kwenye vichaka vya majani membamba kama sindano, vimejaa ndevu za kuvumwani, wapagazi wenyewe wanaita erika. Basi hiyo erika ndiyo iliyotoa jina la familia nzima, Ericaceae, na bluberi iko humo. Na kuna ndugu wa karibu zaidi ya huyo, maana kwenye milima ya Rwenzori, Kivu, Rwanda na Burundi kunaota Vaccinium stanleyi, ambayo ni jenasi ileile ya bluberi. Kwa hiyo tunda hili si la wazungu peke yao kama wengi wanavyodhani, ila hiyo ya kwetu haijaingia sokoni.

Sasa Vaccinium ndiyo jina la kushika. Linnaeus, yule mwanabotania wa Sweden, aliliweka kwenye kitabu chake cha 1753 na mpaka leo ndilo linalotumika, spishi ziko kama 450 hadi 500, na nyingi wala haziko Ulaya au Marekani bali kwenye milima ya Asia ya kusini mashariki. Kwa kuwa ni nyingi hivyo wataalamu wakaongeza ngazi moja kati ya jenasi na spishi, wanaiita seksheni. Bluberi za Marekani ya Kaskazini ziko seksheni ya Cyanococcus, kranberi ziko Oxycoccus, lingonberi iko Vitis-idaea, na ile bilberi ya Ulaya iko Myrtillus. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni ndiyo, hawa watatu kwenye pakiti yako ni ndugu wa kweli, jenasi moja, seksheni tofauti. Bahati nzuri tu kwako, kwa sababu ungewekewa na stroberi na rasiberi humo ningekwambia vingine, hizo ni za familia ya waridi. Na ukiwafuata wanabotania kwa ukali wao, stroberi hata si beri, wakati nyanya na ndizi ni beri halali! Ndiyo maana mi sipendi mtu aandike "jamii ya beri" kana kwamba ni ukoo, neno beri la sokoni ni la ukubwa na umbo, halina nasaba ndani yake.

Lakini usidhani wataalamu wenyewe wanaelewana. Chukua kranberi. Mmea wake hausimami, unatambaa chini kwenye matope yenye asidi, majani madogo ya kijani mwaka mzima, na ua lake lina petali (vijani vya rangi vya ua) nne zimejikunja nyuma kabisa mpaka stameni (vijiti vya chavua) zinabaki zimechomoza mbele kama mdomo wa ndege. Bluberi ni kichaka kinachosimama, ua lake ni kama kibuyu kidogo kimening'inia mdomo chini, petali zimeungana. Ukiviweka viwili hivyo mezani, mtu mwenye macho anauliza inakuwaje hawa ni jenasi moja? Na ndivyo walivyouliza, Linnaeus alimweka kranberi ndani ya Vaccinium, waliokuja baada yake wakamtoa wakampa jenasi yake, Oxycoccus, halafu wengine wakamrudisha, na mpaka leo unaweza kukuta vitabu viwili vinampa majina mawili. Wengi sasa wanasema Vaccinium macrocarpon kwa ile kubwa ya Marekani inayolimwa, na Vaccinium oxycoccos kwa ile ndogo ya porini. Ile kubwa ukiikata katikati unakuta vyumba vinne vya hewa, ndiyo maana inaelea, na wakulima wanaijaza shamba maji wakati wa kuvuna wanaikusanya juu juu.

Bluberi ndiyo kichekesho zaidi. Mwaka 1945 mwanabotania anaitwa Camp alikaa akachambua bluberi za Marekani ya Kaskazini akapata spishi 24. Mwaka 1988 akaja Vander Kloet, akaangalia mimea ileile, akasema jamani ni 9 tu. Mimea haikupungua hata mmoja! Shida ni kwamba bluberi zinazaana ovyo, spishi moja inachanganyika na ya jirani, na wengine wamejizidishia kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli), kuna zenye 24, kuna zenye 48, kuna zenye 72. Camp akiona mchanganyiko umetulia sehemu na una sura yake anaupa jina, Vander Kloet akiona hakuna mpaka unaoshikika anamwingiza kwenye Vaccinium corymbosum, ile ya kichaka kirefu ambayo ndiyo inalimwa sana duniani. Mi nikiangalia naona Vander Kloet alimbebesha corymbosum mizigo mingi mno, lakini ukiwa shambani unataka jina la kutumia leo, orodha fupi inasaidia. Juu ya hapo mwaka 2002 uchunguzi wa DNA ukaonyesha kwamba Vaccinium yenyewe si ukoo mmoja uliofungwa, kuna jenasi nyingine zimejipenyeza katikati yake, yaani siku wakiamua kunyoosha mambo huenda majina mengi yatahama. Hawajafanya hivyo, na ukweli hakuna mwenye hamu ya kubadilisha jina la tunda linalouzwa dunia nzima.

Na kilimo chenyewe si cha zamani. Kranberi ilianza kulimwa 1816 kule Massachusetts, ila bluberi ilibaki ya kuokota porini mpaka miaka ya 1910, pale Frederick Coville wa wizara ya kilimo ya Marekani alipogundua inataka udongo wenye asidi, akaungana na mkulima wa kranberi wa New Jersey, Elizabeth White, yeye akawa anawalipa waokotaji wamletee vichaka vyenye matunda makubwa na kukiita kila kichaka jina la aliyekipata. Mavuno ya kwanza ya kuuza yalikuwa 1916. Siku hizi hata Kenya wanalima, huko Murang'a kwa mfano.

Kuna mtego mmoja nauonya hasa kwa wenzetu mlioko Sweden na Ufaransa mnaotafsiri. Kiswidi kina neno ambalo ukilivunja vipandevipande linatoka "beri ya bluu", lakini linataja bilberi, Vaccinium myrtillus, sio bluberi ya dukani. Kifaransa nacho kinatumia neno moja kwa zote mbili. Namna ya kuzijua ni kuikata tu. Bluberi ya Marekani ndani ni nyeupe inayoelekea kijani, na kichakani inakaa kwa vishada. Bilberi ndani ni zambarau tii mpaka inapaka vidole na meno, na inakaa mojamoja. Kwa hiyo kama pakiti imetoka huko, usikimbilie kuandika bluberi kabla hujaangalia jina la Kilatini.

Mtego wa pili uko huku kwetu, mnavu. Kuna watu wanaonyesha vile vitunda vyeusi vya mnavu wanasema "bluberi ya kienyeji". Si bluberi, ni Solanum, ndugu wa nyanya na biringanya. Ajabu ni kwamba Wamarekani nao wanauza mbegu za mnavu wa aina ya Solanum scabrum kwa jina la "hakelberi ya bustani", wakati hakelberi halisi ni ama Gaylussacia, yenye mbegu kumi ngumu za kukwaruza meno, au ni Vaccinium za milima ya magharibi, kwa hiyo tusijione ni sisi peke yetu tunaochanganya. Tofauti unaiona bila darubini. Shika tunda la mnavu, zile sepali za kijani (vijani vilivyofunika ua kabla halijachanua) ziko upande wa kikonyo, zimelikumbatia kwa juu. Shika bluberi, upande wa kikonyo hakuna kitu, ila upande wa pili kuna kataji kadogo ka ncha tano, kama ulivyozoea kuona kwenye pera au komamanga. Hizo ncha ni sepali zilezile, sema kwenye bluberi ovari (kifuko kinachokuja kuwa tunda) iko chini ya ua kwa hiyo tunda linavyovimba linaziacha mwishoni. Wanabotania wanakithamini sana hicho kitaji kuliko rangi. Ukipangusa ganda na kidole utaona pia kile kivumbi cheupe kinatoka, hicho ni nta yake, haijaoza wala si dawa.

Haya turudi kwenye sarufi. Mi nashauri bluberi, kranberi, lingonberi, bilberi, tamka hivyohivyo na andika hivyohivyo, ngeli ya I-/ZI- kama tunavyofanya kwa zabibu na tende, yaani bluberi hii imeiva, bluberi hizi zimeiva. Najua mtaani watu wanasema mabluberi, sina ugomvi nao wakiongea, lakini kwenye pakiti hapana, matunda madogo yanayohesabika kwa kiganja tumezoea kuyaacha bila ma-. Mmea uwe mbluberi, wingi mibluberi, mkranberi, mikranberi. "Beri ya bluu" iache, maana ukishaanza njia hiyo kranberi na lingonberi zote utaziita "beri nyekundu" na mteja mwenye mzio hatajua anakula nini. Jina la Kilatini likiwepo, herufi kubwa ni ya jenasi tu, spishi inaanza na ndogo.

Kwa bosi anayeogopa mteja hataelewa, mpe mstari wa maelezo chini ya jina, hiyo ndiyo kazi ya maelezo. Ningekuwa mimi pakiti ingesomeka: "Bluberi kavu, kranberi kavu, lingonberi kavu. Matunda madogo ya jenasi ya Vaccinium, yenye uchachu na utamu." Na neno zambarau ukilitaka sana, liweke kwenye rangi: "bluberi kavu, rangi ya zambarau iliyokoza."