Mume anataka Vanguard, mimi nataka Noah, nani yuko sahihi?

SWALI: Habari kaka. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Njiro hapa Arusha, na mama mkwe anakaa na sisi kwa hiyo tuko saba. Gari tuliyonayo ni IST, Jumapili baba watoto anatupeleka kanisani kwa mafungu mawili, na Krismasi kwenda Rombo ndo usiseme. Tumejichanga tununue gari kubwa. Mimi nataka Noah, mwenzangu anataka Vanguard, anasema Noah ni gari ya abiria na hawezi kuendesha gari ambayo kila kituo watu wanampungia mkono wanataka kupanda. Shemeji yangu akaingilia akasema tuache kugombana manake hizi SUV za familia, Vanguard ikiwemo, zote ni Noah tu zimebadilishwa sura. Ni kweli au anatuliza tu ugomvi? – Mama wa wanne, Njiro

JIBU: Dada, pole na hayo mafungu mawili. Shemeji yako kapatia nusu, na ile nusu aliyokosea ndo inayokuhusu wewe na mama mkwe wako, kwa hiyo nivumilie nieleze kidogo.

Alipopatia ni hapa. Siku mkienda kuangalia hiyo Vanguard mwambie fundi alale chini ya gari aangalie kama ataona vile vyuma viwili vinene vinavyotoka mbele mpaka nyuma, yaani chasisi kama ya lori. Hatoviona, manake havipo. Vanguard ni RAV4 iliyorefushwa, ilianza kuuzwa Japani 2007, na RAV4 yenyewe ilipotoka 1994 ilitumia vitu vingi vya Corolla na Carina. Harrier ilipokuja 1997 msingi wake ulikuwa Camry. Kluger ya 2000 Camry tena, na Sienna, ile minivan (gari ya familia ya umbo la boksi kama Noah) ambayo Toyota wanawauzia Wamarekani, nayo ni ukoo huohuo wa Camry. Ukija kwenye Noah, ile ya zamani injini ilikuwa chini ya siti za mbele na inasukumwa na tairi za nyuma, lakini kuanzia ya 2001 injini ikahamia mbele, tairi za mbele ndo zinavuta, bodi ni moja haina chasisi ya kutenganisha. Kwa hiyo ukizivua mabati ukaziweka pembeni mwa Vanguard, kwa chini hutakuta tofauti ya kuwafanya watu wagombane ndani ya nyumba.

Na historia yake inaonyesha hivyohivyo. Marekani, mwishoni mwa 1983, Chrysler walileta Dodge Caravan na Plymouth Voyager, gari za familia zilizojengwa kwa msingi wa gari ndogo za kawaida zinazovutwa na tairi za mbele. Aliyekuwa na wazo hilo, Hal Sperlich, alilipeleka kwanza Ford akiwa anafanya kazi kule, wakubwa wakalikataa, akahamia Chrysler, akafuatiwa na Lee Iacocca ambaye naye alitokea Ford, ndo gari ikazaliwa. Familia zikazipokea kwa mikono miwili, mpaka mwaka 2000 kule Marekani zilikuwa zinauzwa zaidi ya milioni moja kwa mwaka, afu baada ya hapo zikaanza kushuka na SUV zikapanda. Sababu kubwa ni hiyohiyo ya mume wako, watu waliona aibu. Minivan ilishakuwa gari ya mama anayepeleka watoto mazoezini, na mtu mzima mwenye kazi yake akataka gari inayoonekana kama inaweza kupanda mlima hata kama kazi yake ni kupeleka watoto haohao mazoezini kulekule. Makampuni yakachukua msingi wa gari ndogo ya saluni kama Camry, yakaunyanyua kidogo, yakaweka plastiki nyeusi juu ya matairi na siti ya tatu nyuma, ikawa gari ya familia yenye sura ya porini.

Sasa alipokosea shemeji. Kama kweli Vanguard ingekuwa Noah iliyobadilishwa sura, ningekwambia mwachie baba watoto anunue hata kesho, manake mngepata sura anayoitaka yeye na nafasi unayoitaka wewe. Shida ni kwamba SUV ilichukua kazi ya minivan ikaacha vifaa vya kazi. Iliacha mlango wa kuslaidi, ikaacha sakafu ya chini, ikaacha paa lililonyooka mpaka nyuma. Na hivyo vitatu ndo vyenyewe, bila hivyo unabaki na gari ndefu tu.

Anza na siti ya tatu manake hapo ndo pesa yenu inaenda. Kwenye Vanguard ya siti saba ile siti ya nyuma imewekwa juu ya ekseli, sakafu imenyanyuliwa ili dif (lile boksi la gia katikati ya tairi za nyuma) na mambo mengine yapite chini, na paa linashuka kufuata umbo la gari. Matokeo yake siti inakuwa kama imebandikwa sakafuni, mtu mzima akikaa magoti yanakuja kifuani na kichwa kinagusa paa, na kufika hapo kwenyewe lazima umsogeze aliyekaa siti ya katikati, uinamishe siti, ujipenyeze kwa ubavu. Mtoto wa miaka saba ataona ni mchezo. Mama mkwe hataona hivyo, na watoto wako wakifika sekondari hawataona hivyo pia. Afu siti hiyo ikishainuliwa angalia buti: nyuma yake pamebaki upana wa mkoba. Sasa mnatoka Rombo tarehe 27, watu saba, mabegi, ndizi mlizopewa na bibi, na ndoo ya maharage, mnaweka wapi? Mtu ataniambia juu kwenye keria. Sawa, ila umenunua gari kubwa ili ufunge mizigo kwa kamba juu?

Noah ina siti nane, umbo lake ni boksi, na hilo boksi ambalo mwenzako analicheka ndo linalompa mtu wa siti ya mwisho kichwa na magoti. Sakafu iko chini, mama mkwe anaweka mguu anaingia, hapandi. Na mlango wa kuslaidi, jamani, watu wanaudharau mpaka siku watoto wanne wanashuka kwa pamoja kwenye paking ya soko la Kilombero, gari zimebanana huwezi kupitisha hata mkono, kila mtoto anasukuma mlango kwa nguvu zake zote unagonga gari ya mwenzio, unaanza kuombana msamaha na mtu usiyemjua. Mlango unaoteleza kwa pembeni haugongi mtu. Na kwa sisi tunaoendesha kushoto kama Wajapani, hata zile Noah za zamani zenye mlango mmoja wa kuslaidi unafungukia upande wa kushoto, watoto wanashukia pembeni ya barabara wala hawashukii kwenye bodaboda.

Kuhusu hoja ya baba watoto kwamba Noah ni gari ya abiria, simdharau, heshima ya mtu ni kitu. Lakini naomba aigeuze aiangalie upande wa pili. Hawa wanaobeba abiria ni watu wanaohesabu kila lita na kila tairi, gari isipobeba watu na mizigo vizuri wanaiacha ndani ya mwezi, na wao baada ya mahesabu yote wamebaki na Noah, kwenye barabara za huku kwetu zenye vumbi na mashimo tunazozijua. Mimi ushahidi huo unanitosha kuliko tangazo lolote. Na kama kinachomuuma ni jina na sura tu, amwangalie Voxy, ni pacha wake, gari ni ileile ila sura kali kidogo na haipungiwi sana mkono. Alphard pia ipo kama mfuko unaruhusu, ila nyingi injini yake ni kubwa, na kumbukeni kwenye kuingiza gari ushuru wa bidhaa unaangalia ukubwa wa injini, ikizidi cc 2000 unalipa asilimia 10 badala ya 5. Vanguard nayo nyingi ni 2.4 kwa hiyo iko upande huohuo wa kulipa zaidi, Noah ya 2.0 iko huku chini. Kitu kimoja cha kuangalia kwenye Noah, ile injini ya D4 ambayo mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda haipendi mafuta machafu, msiwe watu wa kununua mafuta ya vidumu.

Nisiwe mnafiki, Vanguard ina mahali inapomshinda Noah. Iko juu zaidi, kwenye zile njia za ndani za Njiro zenye mawe yaliyochomoza utaendesha bila kusikia bampa linakwangua, na barabara kuu ukitaka kuovateki lori ina nguvu ya kutosha. Mngekuwa watano nisingebishana naye hata dakika moja. Lakini mko saba dada, kila siku, siyo wageni wa mara moja moja.

Fanyeni hivi. Msiende yadi nyie wawili, nendeni wote saba na begi moja kubwa. Kaeni wote kwenye Vanguard, mlango ufungwe, baba watoto akae siti ya tatu siyo kwenye usukani, begi litafutiwe pa kukaa. Afu hamieni kwenye Noah au Voxy mfanye vilevile. Mkitoka hapo ataamua mwenyewe.

SWALI: Mambo vipi kaka, mimi ni mwalimu, naishi Kibosho, watoto wangu wawili. Masika njia ya kwangu ni tope tupu. Kila mtu ananiambia nichukue Harrier kwa sababu ni SUV itapanda tu. Itapanda? – Mwalimu, Kibosho

JIBU: Poa mwalimu. Jina la SUV halivuti gari kwenye tope, zinazovuta ni tairi, na Harrier nyingi zinazokuja huku zinavutwa na tairi za mbele peke yake. Hiyo kwenye tope la Kibosho itafanya kilekile inachofanya Camry, itazunguka palepale mpaka vijana waje wakusukume.

Jibu liko kwenye kibati cha gari, kisome kabla hujatoa hela. Harrier ikiandikwa ACU30 ni tairi mbili, ACU35 ndo fowili, yaani tairi zote nne zinavuta. Vanguard ACA38 ni mbili, ACA33 ni fowili. RAV4 ya kizazi hichohicho ACA36 mbili, ACA31 fowili. Na ili ujue kwamba sura haisemi kitu, Noah ya 2001 nayo ipo ya tairi mbili AZR60 na ya fowili AZR65, kwa hiyo kuna Noah itakayokupita kwenye kona ya tope wewe umekwama na Harrier yako. Kibati kikiwa kimeng'olewa au kimefutika inama uangalie nyuma, ukiona propela shafti, lile bomba refu linalozunguka, inakuja mpaka kwenye dif katikati ya tairi za nyuma ni fowili, usipoiona ondoka, muuzaji asikupe maneno.

Kwa watoto wawili siti saba huzihitaji. Chukua RAV4 ACA31, ni fupi kidogo inageuka vizuri kwenye njia nyembamba, na weka akiba ya tairi zenye meno kabla ya Machi manake fowili yenye tairi kipara inakwama tairi zote nne kwa pamoja.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mstaafu, nipo Marangu. Kila Desemba wanangu wanarudi kutoka Dar, mkubwa na Prado, mdogo na Noah. Mkubwa anamcheka mwenzake kwamba gari yake ya kubebea nyanya. Mdogo kasikia mahali kwamba SUV zote ni minivan zilizojificha, sasa wanabishana mpaka usiku. Na Prado nayo imo? – Mzee, Marangu

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Prado haimo. Hiyo ina chasisi yake kamili chini, bodi imewekwa juu yake, na ina gia ya chini ya kupandia, ni ndugu wa zile Land Cruiser 70 zilizoanza 1984 ambazo mpaka leo ndo zinatoka Arusha na watalii kwenda Ngorongoro na Serengeti. Hapo mkubwa kashinda, mdogo akubali.

Ila mkubwa naye asijisahau, hiyo chasisi anaibeba kutoka Dar mpaka Marangu zaidi ya kilomita mia tano za lami ambako haina kazi yoyote zaidi ya uzito, na wewe mzee ndo unajua kupanda Prado ukiwa na goti linalouma ikoje. Siku ya kliniki KCMC mwambie mdogo akupeleke na Noah. Mkubwa muachie kazi ya kwenda kuchukua majani ya ng'ombe kule shamba la chini mvua ikinyesha, na akaweke zile ngazi za pembeni za kukanyagia kwenye Prado yake kabla ya Desemba ijayo, mafundi wa Moshi mjini wanazifunga.