“Tishio la usalama”: ni nani anayemtisha nani?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza. Juzi nilisikia sentensi hii katika taarifa ya habari, nikaipeleka darasani: “Serikali zimekubaliana kuimarisha ushirikiano wa ulinzi wa miji mikuu ya kikanda dhidi ya matishio ya usalama.” Wanafunzi kadhaa walidhani Mwanza ni mmojawapo wa miji hiyo, kwa kuwa tuko Kanda ya Ziwa. Mwingine akauliza usalama unawezaje kuwa tishio. Nilikosa jibu la kuwaridhisha. Je, sentensi hiyo ni sahihi?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameisikiliza sentensi hiyo kwa makini kuliko aliyeiandika. Kisarufi haina kosa, maana upatanisho wa ngeli umekaa sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Tatizo lake ni a-unganifu, yaani kile kijineno kinachojitokeza kama “wa”, “ya” au “la”, ambacho hapa kimetumika mara nne mfululizo: ushirikiano wa, ulinzi wa, miji mikuu ya, matishio ya. Kazi ya kijineno hicho ni kufunga nomino mbili pamoja, na uhusiano uliopo baina yake humwachia msikilizaji aukisie. Katika “kikombe cha chai” hakuna anayepata tabu, lakini panapohusika mwenye kulinda, mwenye kulindwa na mwenye kushambulia, kukisia kunaweza kugeuza habari nzima.

Tuanze na “tishio”. Tukisema tishio la njaa, tishio la mafuriko, tishio la ugaidi au tishio la Al-Shabaab, nomino inayofuata ndiyo inayotisha. Mpangilio huo umezoeleka mno masikioni mwetu, kiasi kwamba mtu akikutana na “tishio la usalama” anaukuta usalama umesimama mahali palepale pa njaa na mafuriko. Mwanafunzi wako aliuliza swali la haki kabisa. Kinachotishiwa hupewa “kwa”: ugaidi ni tishio kwa usalama, ukame ni tishio kwa wafugaji. Wako wanaojinusuru kwa kuandika “tishio la kiusalama”, na siwezi kusema wamekosea, kwa kuwa kiambishi “ki-” hutaja aina au upande wa jambo, kama tunavyosema “sababu za kiusalama”. Hata hivyo neno hilo ni pana kama turubai. Tarehe 7 Agosti 1998 yalipolipuka mabomu kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, na tarehe 11 Julai 2010 yalipolipuka mengine Kampala miongoni mwa watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, kilichotokea kilikuwa na jina lake, nalo ni mashambulizi ya mabomu. Mwandishi anayejua tishio analolisema ni lipi, na alitaje.

Umetumia “matishio”, na wengine husema “vitisho”. Mimi huyatenganisha. Mtu akipigiwa simu usiku akaambiwa kwamba atauawa, amepokea vitisho. Kundi lenye silaha lililojificha karibu na mpaka bila kutamka neno lolote ni tishio.

Neno “ulinzi” lina utata wa namna hiyohiyo, ila wenyewe hatuuoni kwa sababu tumeuzoea. Katika “ulinzi wa polisi”, polisi ndio wanaolinda. Katika “ulinzi wa mipaka”, mipaka ndiyo inayolindwa. Sasa chukua “ulinzi wa Mogadishu”. Umoja wa Afrika ulipeleka kikosi cha AMISOM katika mji huo mwaka 2007, wakatangulia askari wa Uganda na baadaye wakafuata wa Burundi, na Al-Shabaab wakaondoka katika sehemu kubwa ya mji mwezi Agosti 2011. Ukiandika “ushirikiano wa ulinzi wa Mogadishu”, msomaji asiyeijua historia hiyo hawezi kung’amua kama Mogadishu ililindwa, ililinda, au ilishirikiana na nani. Ukiandika “Uganda na Burundi zilishirikiana na serikali ya Somalia kuilinda Mogadishu”, hakuna anayebaki na swali. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo kukigeuza kuwa nomino ni kuvitupa vyote viwili njiani, kisha kuanza kuvitafuta kwa a-unganifu.

Kwa “ushirikiano” dawa ni nyepesi: andika “baina ya serikali” au “kati ya serikali”. Polisi wanapoomba “ushirikiano wa wananchi”, wanaomba wananchi washirikiane nao, si kwamba wananchi washirikiane wao kwa wao. Pakikosekana “baina ya”, maana hiyo ya kipolisi ndiyo inayotangulia kichwani.

Hapo ndipo tunafika Mwanza. Katika Tanzania, “kanda” ni sehemu ya nchi: Kanda ya Ziwa, Nyanda za Juu Kusini, na jeshi la polisi lina Kanda Maalumu ya Dar es Salaam. Kwa msikilizaji wa Mwanza au Mbeya, basi, “miji mikuu ya kikanda” inaweza kuwa miji inayoongoza kanda hizo, ingawa mtangazaji alikusudia Nairobi, Kampala, Kigali na mingine ya namna hiyo. Anayetaka kutaja eneo la nchi kadhaa ni heri aseme “miji mikuu ya nchi za Afrika Mashariki”. Tofauti hii imewahi kuwa na uzito mkubwa nje ya darasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipopeleka jeshi lake mashariki mwa Kongo mwezi Novemba 2022, askari wa Kenya walifikia Goma, ambao ni mji mkuu wa jimbo la Kivu Kaskazini, ilhali mji mkuu wa nchi ni Kinshasa, mbali kabisa upande wa magharibi. Jeshi hilo la kikanda liliondoka Desemba 2023, na mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Anayesoma habari hizo anahitaji kuambiwa “mji mkuu wa jimbo” kwa ukamilifu wake, vinginevyo atadhani dola yenyewe imeanguka.

Limebaki “dhidi ya”. Kiswahili cha nyumbani hutumia “na”: Mungu atulinde na shari, mtoto hujikinga na mvua. Ninaipenda “na” hiyo kwa ufupi wake. (Kitenzi “kinga” chenyewe kina ujanja wake: mtu anayekinga maji ya mvua kwa ndoo anayapokea, anayejikinga na mvua anaikimbia.) Lakini sasa tazama sentensi ya mtangazaji jinsi ningeiandika mimi:

“Serikali za Afrika Mashariki zimekubaliana kushirikiana zaidi kuilinda miji mikuu ya nchi zao dhidi ya mashambulizi ya kigaidi.”

Hapo “dhidi ya” nimeiacha kwa makusudi. “Na” hufanya kazi vizuri inapokaa karibu na kitenzi chake. Ikisogezwa mbali kiasi hiki huanza kusikika kama ile “na” ya kuunganisha, na serikali zikaonekana zimekubaliana kuilinda miji mikuu pamoja na mashambulizi yenyewe.