Mstari hafifu kwenye kipimo cha mkojo
Hapana ndugu uliyeuliza, mstari hafifu wa T (mstari wa majibu) kwenye kipimo cha mkojo cha dawa za kulevya haumaanishi kwamba mwanao "ana bangi kidogo". Mradi mstari wa C (unaoonyesha kwamba kipimo chenyewe kimefanya kazi) umetokea, jibu ni hasi. Nimefanya kazi ya maabara hapa Moshi kwa miaka mingi na kosa hili linaniumiza, kwa sababu watu wameizoea kanuni ya kipimo cha mimba, ambako mstari hutokea pale kinachotafutwa kinapokuwapo, kisha wakaihamishia kwenye kipimo kinachofanya kazi kinyume chake: hapa dawa iliyomo kwenye mkojo huwahi kuzikamata kingamwili zenye rangi (protini za kunasa dawa zilizomo kwenye kipimo), nazo zikakosa nafasi ya kunata kwenye T, ndipo mstari ukapotea kabisa. Majibu yasomwe ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, si baada ya saa nzima. Hata mstari wa T usipoonekana, hayo ni majibu ya awali tu. Kabla kijana hajanyimwa, kwa mfano, kazi ya udereva, sampuli ithibitishwe katika maabara kamili, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapo Arusha.