Simu zinakatika gari likitoka kwenye seli ndogo

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa mtandao, niko Dar es Salaam. Tumefunga seli ndogo ya 4G (kituo kidogo cha mtandao chenye nguvu ndogo) kwenye nguzo ya taa jirani na kituo cha daladala, masafa yaleyale ya mnara mkubwa. Wanaotembea kwa miguu hawana tatizo, lakini abiria simu zinawakatikia mita chache baada ya kituo. Vigezo vya handova, yaani simu kuhama seli moja kwenda nyingine, nilinakili vya mnara: ofseti (kiasi ambacho seli mpya lazima iizidi ya sasa) desibeli 3, histeresisi (nyongeza ya kuzuia kuyumba) 2, muda wa kusubiri kabla ya kuhama milisekunde 480. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umekosea hapo kwenye kunakili. Vigezo hivyo vimezoea mnara kwa mnara. Mawimbi ya mnara wa wati 40 hufifia taratibu, simu inapata nafasi ya kujipanga. Seli ya wati 1 iliyo chini kwenye nguzo hupotea ghafla. Gari likikunja kona ya jengo tu, imekwisha.

Tupige hesabu. Jumlisha 3 na 2: simu haianzi hata kusubiri mpaka mnara uizidi seli ndogo kwa desibeli 5. Na kwa kuwa masafa ni yaleyale, mawimbi ya mnara ndiyo kelele inayoifunika seli ndogo. Kwa hiyo wakati huo ubora wa seli ndogo, yaani mawimbi yake dhidi ya kelele, umeshafika desibeli hasi 5 au chini yake, na kwenye hasi 8 hivi simu huanza kujihesabu imepotea. Umebakiwa na desibeli 3, kisha unaiambia isubiri. Gari la kilomita 60 kwa saa hukata mita 8 katika milisekunde 480, na bado ripoti haijatumwa wala mnara haujajiandaa kupokea. Amri ya kuhama hutolewa na seli inayoachwa. Ikitoka, simu haiisikii tena.

Usiguse mnara kwanza. Vigezo vya kutoka vimo ndani ya seli ndogo yenyewe, vibadili hapo: jumla ya ofseti na histeresisi iwe desibeli 1 au 2, muda uwe milisekunde 160. Kuingia acha kama kulivyo. Pengo kati ya kizingiti cha kuingia na cha kutoka ndilo linalozuia simu kurushwa huku na huku. Ukishusha vyote viwili, aliyesimama mpakani hatatulia. Hata hivyo, kwangu mimi simu ya mtu iliyokatika katikati ya maneno ni hasara kubwa kuliko handova mbili za ziada.

Kuna watakaokushauri uyaache magari yabaki kwenye mnara. Ushauri huo unafaa seli ndogo ikiwa na masafa yake. Hapo kwako, gari litakalopita chini ya nguzo likiwa bado kwenye mnara litazamishwa na seli ndogo hiyohiyo.

Kisha soma kaunta, yaani hesabu za handova na simu zilizokatika ambazo mtandao huweka. Simu inayofia seli ndogo na kufufukia kwenye mnara ni handova iliyochelewa. Inayorudi seli ndogo kabla ya sekunde 1 imetoka mapema mno. Hiyo ongeza muda kwanza, desibeli ziache.

Upimaji ufanye ndani ya daladala, barabara ikiwa nyeupe. Kwenye foleni gari linatambaa kama mtembea kwa miguu, na tatizo halitaonekana kabisa.